Maji ya Wageni

Itundwe, chini ya Sekenke
7 Januari 2024

Mpwa wangu Agripina,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi huku tunaendelea, mvua imenyesha vizuri, mtama umeota na alizeti ya Laurenti imetangulia ya kila mtu, kwa hiyo hatulali kwa majigambo yake. Mama yako Luciana anakusalimu sana. Mikono inamsumbua, inatoka vipele na kuchanika, lakini anasema ni uzee. Uzee gani unaoshika mikono tu?

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unajua mwenyewe, ukitaka mtandao hapa lazima upande lile jabali nyuma ya shule, na kule juu hukosi watu watano wanaokusikiliza huku wakijifanya wanatazama ng'ombe. Kondakta wa basi pale Shelui ameahidi kuifikisha hii ofisini kwenu Dar es Salaam.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi wa kumi na mbili Kampuni walileta majibu ya maji mliyochukua hapa Septemba. Yako kwa Kiingereza, kurasa kumi na mbili, ila juu wamebandika karatasi ya Kiswahili: MAJI YA ITUNDWE NI SALAMA. Chini kuna sahihi yako. Watu wanakuja kwangu, mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji na wewe nimekulea mimi na Luciana tangu mama yako mzazi, dada yangu Severina, alipofariki, wanataka niwaeleze. Sasa Kampuni wanaomba kibali cha kuinua ukuta wa bwawa lao la tope la mgodi kwa mita tatu, na hiyo karatasi ndiyo wanayoionyesha. Kikao cha kusikiliza pingamizi ni tarehe 16 Mei, Kiomboi.

Mbuzi wanne wa Hosea wametupa mimba. Kisima kinanuka tangu masika ya mwaka juzi, hilo unalijua, nilikuambia.

Nieleze hiyo karatasi inasemaje hasa. Na je, maji yakishapimwa, yanaweza kupimwa tena?

Ni mimi mjomba wako,
Gaspari


Dar es Salaam
18 Februari 2024

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mama Luciana naye shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu, kazi zimekuwa nyingi. Januari nimepandishwa cheo, sasa nasimamia upimaji wa maji kwa miradi yote mitatu. Nimefurahi kusikia habari za mvua. Namtumia Mama kanga na dawa ya kupaka mikononi, apake asubuhi na jioni.

Kuhusu majibu: sampuli ya Kisima Namba 4, Itundwe, ilipimwa katika maabara ya Kampuni kwa viwango vya kimataifa. Sianidi, aseniki na metali nyingine zote zimeonekana kuwa chini ya kiwango kinachoruhusiwa. Kwa mujibu wa Mwongozo wa Upimaji uliopitishwa na halmashauri, maji hayo yanafaa kwa matumizi ya binadamu na mifugo. Zoezi lilifanyika kwa kufuata taratibu zote.

Kuhusu kupima tena, hilo huamuliwa na idara nyingine.

Nashukuru kwa mapokezi ya siku ile. Mwambie Mama asituwekee kinyongo kwa wale kuku. Kampuni hairuhusu mfanyakazi kula chochote akiwa kazini vijijini, wanahesabu ni hongo. Mkubwa wangu, Bwana Dirk, hakuwa na dharau, ndiyo sheria yao. Najua aliamka mapema kupika.

Wako mtiifu,
Agripina


Itundwe
10 Machi 2024

Agripina,

Marahaba. Kanga imefika, Mama yako ameivaa kanisani Jumapili mbili mfululizo hadi mchungaji ameizoea. Dawa ya mikono haijasaidia kitu. Hongera kwa cheo.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikimtafuta mpwa wangu humo ndani, sikumwona. Nimemkuta afisa. "Zoezi", "kwa mujibu". Ulipokuwa darasa la tano uliniandikia kutoka bweni kwamba uji wao una wadudu na kwamba mkuu wa bweni ana miguu kama mwiko. Yule mtoto alikuwa akieleweka.

Na hili la kuku umelieleza, lakini halijaniingia. Watu wanakuja kwako, wanachimba chini ya miguu yako, halafu ukiwapa chakula wanakuambia umetoa hongo. Mama yako hakulala kwa aibu. Alidhani wameona uchafu jikoni kwake. Mwezi wa kumi na mbili amekuja kijana wao mwingine, Mtanzania kama mimi, akanisimamisha mkutanoni: "Karibu, Gaspari, toa maoni yako." Hakuna shikamoo, hakuna mzee. Baadaye akaniambia kwao kazini wote wanaitana hivyo, hata mkubwa wao. Sasa vijana walioajiriwa kule wanakuja nayo hadi nyumbani. Chediel juzi amemwita baba yake kwa jina, alichezea kofi.

Nijibu maswali mawili tu. Huo Mwongozo aliuandika nani? Na kwa nini anayepima ni yule yule anayepimwa?

Kuna jambo lingine nilikuwa nimeanza kulieleza hapa, nimelikata kwa kalamu kama unavyoona. Usijisumbue kulisoma kwa kuinua karatasi juani. Nimekata mara mbili.

Mjomba wako


Dar es Salaam
2 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako ofisini nikalazimika kwenda kusimama chooni hadi uso ukauke. Nakuomba radhi kwa barua ile ya kiafisa. Chediel hali yake? Mwambie nimecheka, ila asirudie.

Mwongozo tumeuandika sisi. Uliandikwa makao makuu ya Kampuni ng'ambo, nikapewa mimi niutafsiri kwa Kiswahili, wiki mbili, halafu ukapelekwa halmashauri kama msaada. Halmashauri haina maabara, haina hata chupa za kuchukulia maji, kwa hiyo waliupokea kwa mikono miwili wakaugonga muhuri. Unasema sampuli ichukuliwe mara moja kwa miezi minne, "pale inapowezekana". Kwao ng'ambo bwawa kama lile likiwa karibu na watu namna ile, maji hupimwa kila wiki na mtu asiye wa Kampuni. Nilimuuliza Bwana Dirk kwa nini hapa iwe tofauti. Alisema kwa upole kabisa kwamba wao hufuata sheria ya nchi waliyomo. Sikumkumbusha kwamba sheria ya nchi tuliyomo tuliiandika mezani kwake. Nilisema "sawa", nikaendelea kuchapa.

Ndiyo kazi yangu, Mjomba. Wewe unawaambia watu mpwa wako ni mtaalamu wa mazingira, na mimi huwa nakuacha uwaambie.

Ulikata nini katika barua? Kama ni habari ya lile tenki, usiiandike. Nakuomba sana usiiandike.

Agripina


Itundwe
14 Aprili 2024

Agripina,

Huku wazima. Uwele umekomaa, ndege wanatusumbua. Mama yako hawezi tena kufua, anafuliwa na jirani.

Umetaja tenki. Mimi katika barua zangu sijataja tenki hata mara moja. Kwa hiyo unajua, na kama unajua basi ulijua tangu siku ile. Nimekaa na neno lako hilo moja siku mbili nzima.

Nitaandika yote, maana sasa hakuna faida ya kukata kwa kalamu.

Tulipoambiwa mnakuja, wewe pamoja na wageni kutoka ng'ambo, nilikwenda kisimani nikavuta ndoo. Ilinuka kama chuma kilichooza. Nikajiuliza, hawa watu watafika na jua la saa sita, watoto wetu watawapelekea maji haya? Mpwa wangu amesoma, amerudi na wakubwa wake, nimpe maji haya mbele yao? Nikashindwa. Mimi na Laurenti tukalimwaga tenki la kamati pale kando ya kisima, tukalisugua kwa majivu, tukafunga ng'ombe kwenye mkokoteni na kwenda bomba la misheni. Safari tatu. Tukalijaza maji matamu. Nia yetu ilikuwa wageni wanywe na wanawe, basi. Kupima tulijua mtapima kisimani. Kamba mpya nilikuwa nimeinunua, ndoo nimeiosha, vimewekwa hapo ukingoni vinawasubiri.

Halafu wewe ukaenda na chupa zako kwenye bomba la tenki.

Nilikuwa nimesimama hatua kumi. Laurenti alinitazama, mimi nikamtazama. Wajumbe wote wa kamati walikuwepo, na kila mmoja alijua. Neno lilikuwa moja tu: "Siyo hayo." Lakini ningelisema, yule Bwana Dirk angejua kwamba maji ya Itundwe hayafai kupewa mgeni, na kwamba tumeyaficha. Niliona haya. Chupa ya kwanza ikajaa, nikasema nitasema ikijaa ya pili. Ulijaza sita.

Nilijidanganya kwamba mashine zenu zitagundua. Nikakuuliza Januari kama maji yanaweza kupimwa tena, nikitumaini utapima bila mimi kusema lolote. Watu hawa wamenipa kamati miaka kumi na moja.

Sasa niambie wewe. Ulijuaje?

Gaspari


Dar es Salaam
9 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Mama Luciana alinipa kikombe. Ndivyo nilivyojua. Wenzangu walikuwa wamekataa kuku, wamekataa hata soda, nikamwona amesimama na sinia hajui alipeleke wapi, nikachukua kikombe cha maji, nikanywa chote. Maji ya kisima chetu yana chumvi, nimeyanywa miaka kumi na minne, hata ukinifunga macho nayajua. Yale hayakuwa na chumvi hata chembe. Nikatazama tenki, nikaona madoa ya majivu kwenye mfuniko na alama za mkokoteni kwenye vumbi, nikaelewa mmefanya nini na kwa nini.

Mwongozo unasema sampuli ichukuliwe "kwenye chanzo au mahali watu wanapochotea". Tenki linaruhusiwa. Niliuandika mwenyewe huo mstari.

Nilijiambia nimenyamaza kwa ajili yako, nisikuaibishe mbele ya Bwana Dirk baada ya kuhangaika vile. Nusu yake ni kweli. Nusu nyingine ni kwamba mkataba wangu ulikuwa unaisha Desemba na maji mazuri hayamkasirishi mtu pale ofisini. Ningechota kisimani, ningerudi na majibu mabaya kutoka kijijini kwetu, wangesema nimependelea. Nilichota maji ya misheni nikayaandika Kisima Namba 4. Januari nikapewa cheo. Wewe ulifanya kosa kwa kuwapenda wageni. Mimi nilifanya nikijua hesabu yake, halafu nikakuandikia "kwa kufuata taratibu zote" nikitumaini utaogopa Kiswahili changu na kunyamaza.

Kila ulipoandika habari za mikono ya Mama niliisoma haraka haraka ili nifike mwisho wa sentensi.

Ndani ya bahasha hii kuna maelezo yangu, nimeyaandika na kuyasaini mbele ya wakili: kwamba sampuli haikuwa ya kisima na kwamba nilijua wakati naichukua. Yapeleke kikaoni tarehe 16. Wewe usiseme lolote. Sema tu umeletewa.

Bahasha inaondoka na basi la kesho.

Agripina


Itundwe
22 Mei 2024

Agripina,

Marahaba. Bahasha yako imefika tarehe 18. Basi liliharibika Manyoni, mizigo ikahamishiwa lingine. Kikao kilikuwa kimeshapita siku mbili.

Nilikuwa sijui kama unaniandikia au umenitupa. Kwa hiyo pale Kiomboi niliposimama nilisema yangu. Mbele ya mkuu wa kikao, mbele ya watu wetu waliojaa lori mbili, nilisema tenki nililijaza mimi kwa maji ya misheni. Nilisema Laurenti alinisaidia bila kujua sababu. Na nilisema afisa aliyechukua sampuli hakujua kitu, alidanganywa na mjomba wake. Nililisema hilo mara mbili na kuliapia. Ningefanya nini? Nilihisi ulijua, lakini wewe mwenyewe ulikuwa bado hujaniambia.

Mwanasheria wa Kampuni alinishukuru, mpwa wangu. Aliinuka akanishukuru kwa ukweli wangu, halafu akakigeukia kikao akasema mnaona wenyewe, kijiji kimechezea vipimo, kijiji kama hiki hakiwezi kuaminiwa katika malalamiko yake mengine. Mbuzi, mikono, harufu, vyote vikawa maneno ya watu waongo. Akasema afisa wao ni mwaminifu, ameponzwa na ndugu. Uamuzi utatolewa mwishoni mwa Juni.

Wakati wa kurudi nilipanda lori la kwanza. Hosea alishuka akapanda lile lingine. Kamati nimeiacha, nimewakabidhi funguo.

Sasa maelezo yako nimeyaweka chini ya godoro. Nikiyatoa, utafukuzwa na hakuna mahali utaajiriwa tena, maana nani atampa kazi mpimaji aliyekiri hivi? Nikiyaficha, ukuta unainuliwa. Nimekulea usome ili usije ukachota maji kwa kamba. Niambie nifanye nini, sijui.

Na hili nilitaka kulinyamazia nimeshindwa: nimekukasirikia. Ungeniita pembeni siku ile. Ungenivuta shati tu.

Gaspari


Dar es Salaam
3 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Salamu kwa Mama, na kwa Laurenti, na kwa Hosea hata kama hatazipokea.

Umenikasirikia kwa haki. Zilikuwa hatua kumi tu, ningekuvuta shati.

Yale ya chini ya godoro yaache huko huko. Barua yako ilipofika nilipanda basi la asubuhi nikaenda Dodoma na nakala nyingine, nikaipeleka ofisi ya mazingira kwa mkono wangu. Mama mmoja pale mapokezi aliisoma yote nikiwa nimesimama mbele yake. Alipofika mwisho aliniuliza, "Hili jina la mwenyekiti ni la ndugu yako?" Nikasema ni mjomba, ndiye aliyenilea. Akainamisha uso akagonga muhuri. Sijawahi kuona aibu ikiwa na sauti ya muhuri.

Kazini nimerudisha kitambulisho. Bwana Dirk alinipa mkono akasema kwamba amesikitika, na nadhani alisikitika kweli. Wale niliokula nao chakula cha mchana miaka mitano hawakuinua macho kwenye kompyuta zao. Cheti changu cha upimaji kinajadiliwa, huenda kikafutwa.

Lakini uamuzi wa kibali umesimamishwa. Watapima upya tarehe 25 Juni, Jumanne, watu wa serikali na maabara isiyo ya Kampuni. Kampuni watakuwepo kuangalia. Nimetakiwa nami niwepo, nionyeshe nilipochota mwanzo. Wamesema kikionekana chochote kimetayarishwa, hata kidogo, hawatarudi tena.

Ulichoapa kikaoni kwa ajili yangu, nitakikanusha pale mbele za watu. Nisamehe kwa kukufanya mwongo mara ya pili.

Agripina


Itundwe
19 Juni 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Mtama tumevuna, magunia si mabaya. Laurenti ameanza kunisalimia, kwa mkono wa kushoto lakini ni salamu. Mama yako anakusubiri kwa hamu, anasema umekonda hata kabla hajakuona.

Usihangaike na hilo la kunikanusha. Likanushe kwa sauti, wale wa nyuma wasikie.

Habari za Jumanne nimezichukua mimi, ingawa si mwenyekiti tena. Jana nimepita nyumba kwa nyumba, nyingine wamenifungulia, nyingine nimesemea mlangoni. Nimewaambia siku hiyo hakuna kupika. Hakuna mkeka, hakuna kiti cha kutolewa nje, hakuna kuwapokea mizigo. Tenki tumelifungua likauke. Mgeni akiomba maji aonyeshwe kisima na kamba, avute mwenyewe.

Mama yako aliniuliza kama nimerukwa na akili. Wageni waingie Itundwe watoke na midomo mikavu? Nikamwambia ndiyo, karatasi ndivyo zinavyotaka. Aliingia jikoni na mikono yake ile, akaanza kuwafungia kuku mapema ili asije akashawishika.

Nina miaka sabini na moja. Kikaoni Kiomboi nilidhani nimeimaliza aibu yote, kumbe ilikuwa imebaki ya jana, kusimama mlango wa mjane na kumkataza asimpe mtu maji.

Shuka Shelui Jumatatu, nitakupokea. Asubuhi yake tutakwenda kisimani mapema, mimi na wewe, tusimame pale hadi wamalize, kwa sababu najua watu wetu. Mgeni akikohoa tu, kuna mama atatoka mbio na kikombe, na itabidi tumzuie.

Mjomba wako,
Gaspari